Kuchagua mashina imara ya viazi kwa ajili ya mbegu kwenye nyanda za juu: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Kila msimu ukiisha swali hurudi lile lile: "Nilichagua viazi vizuri nikaviweka vya mbegu, mbona mavuno yameshuka tena?" Huuliza watu wa Makete na Umalila kule Tanzania, huuliza wa Kinangop na Mau Narok kule Kenya. Ukiwauliza walichagulia wapi, karibu wote watakwambia kwenye rundo, baada ya kuvuna. Tatizo linaanzia hapo, kwa sababu ukikiokota kiazi kwenye rundo huwezi tena kujua kimetoka kwenye shina gani.

Shina lililoshikwa na virusi huzaa viazi vidogo. Mkulima naye huuza vikubwa, hula vya kati, na vidogo ndivyo anavyovifanya mbegu. Kwa hiyo kila msimu anachota zaidi kwenye mashina yaliyougua kuliko kwenye yaliyo mazima, na ugonjwa unazidi kujirundika. Misimu minne mitano ikipita, anasema mbegu imechoka, anakwenda kuomba ya jirani ambayo nayo ina hali hiyo hiyo.

Mwongozo huu unahusu kuchagua mashina yakiwa bado shambani, mabichi, kabla kiazi hata kimoja hakijachimbwa. Kenya njia hii imefundishwa kwa wakulima na Kituo cha Kimataifa cha Viazi (CIP) pamoja na watafiti wa kituo cha utafiti wa viazi cha Tigoni, na majaribio ya mashambani yalionyesha mavuno kupanda kwa wastani wa asilimia 34 hivi kuliko mbegu iliyochaguliwa kwa mazoea. Hakuna dawa ya kununua. Kinachowashinda wengi ni moyo wa kutupa, na hilo tutalirudia mara kadhaa.

## Kabla ya yote: unachagua afya, huchagui ukoo

Tunapanda kiazi chenyewe, hatupandi punje inayotoka kwenye tunda la ua. Maana yake mashina yote ya aina ya Kikondo shambani mwako, au yote ya Shangi, kwa asili ni mmea mmoja uliogawanywa mara nyingi. Shina moja likiwa refu na jingine limedumaa, tofauti hiyo mara nyingi haiko kwenye damu. Iko kwenye ugonjwa, udongo, samadi au nafasi.

Mambo mawili yanafuata. Kwanza, huwezi kuifanya aina isiyovumilia ugonjwa wa ukungu ivumilie kwa kuchagua mashina yake bora mwaka hadi mwaka. Ukitaka uvumilivu huo, badili aina. Pili, shina kubwa si lazima liwe shina zima, na kazi yako shambani ni kujua ukubwa wake umetoka wapi.

## Vifaa

- Vijiti vya urefu wa goti na nusu, vionekane juu ya majani. Mianzi iliyopasuliwa au matawi makavu yanatosha. Usitumie matawi mabichi yanayoota kirahisi.
- Kitambaa au utepe wa rangi kali wa kufunga kwenye vijiti, kama shamba ni kubwa.
- Glasi inayoonyesha ndani, maji safi, na kisu kikali.
- Jiki ya kufulia, kwa kusafishia kisu na jembe.
- Magunia au makreti ya mbegu peke yake, yasiyowahi kubeba viazi vya sokoni.
- Chaga za mbao au fito kwa ajili ya ghala.
- Daftari. Wengi hulidharau, kisha msimu wa tatu hawakumbuki mbegu ipi ilitoka kitalu kipi.

Idadi ya vijiti ipigie hesabu mapema. Robo eka iliyopandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya matuta na 30 kati ya mashina huchukua viazi vya mbegu 4,500 hivi. Shina zuri likikupa viazi 7 vyenye ukubwa wa mbegu, unahitaji mashina 640 na ushei. Kwa kuwa mengine utayakataa njiani, anza na vijiti 800. Ukikosa muda wa kuweka vyote hivyo, weka unavyoweza, na mbegu utakayopata itoshe kitalu kidogo cha kuzalishia.

## Hatua ya 1: Aina kwanza, shina baadaye

Juu ya mita 2,000 viazi hukomaa polepole. Aina inayovunwa kwa miezi mitatu chini kidogo ya hapo inaweza kutaka mwezi zaidi ukipanda hadi mita 2,600, kimo cha uwanda wa Kitulo. Huo mwezi wa ziada unaweza kukuingiza kwenye majira ya sakitu, ile baridi kali ya usiku inayounguza mimea. Nyanda za Juu Kusini sakitu hupiga kati ya Juni na Agosti. Nyandarua watu huiogopa zaidi Januari na Februari, usiku ukiwa mkavu na mbingu hazina wingu.

Kwa hiyo jiulize maswali matatu kuhusu aina uliyonayo kabla hujaiwekea kijiti hata kimoja.

Je, inamaliza kabla ya sakitu ya kwenu? Je, inavumilia ukungu, ule ugonjwa unaochoma majani wakati wa baridi na mvua za mfululizo? Shangi hupendwa kwa kukomaa haraka na kuiva upesi jikoni, lakini kwa ukungu ni dhaifu. Asante na Sherekea husimama vizuri zaidi. Je, usingizi wake baada ya kuvunwa ni mrefu kiasi gani? Shangi huchipua ndani ya wiki chache tu, jambo jema kwa anayepanda mfululizo na balaa kwa anayelazimika kuhifadhi miezi mitano.

Kama jibu la swali la kwanza ni hapana, usiendelee na aina hiyo. Mashina bora ya aina isiyofaa yatakupa mbegu bora ya aina isiyofaa.

Umefanikiwa ukiona: shamba utakalochagulia lina aina moja, iliyopandwa siku moja, na maua ya rangi moja. Rangi zikichanganyika, aina zimechanganyika, na mashina ya kigeni yang'oe au yawekee alama ya kula.

## Hatua ya 2: Hakikisha hakuna mnyauko

Hatua hii ndiyo inayoamua kama utaendelea au utasimama, hivyo isome mara mbili.

Mnyauko bakteria hauondoki kwa kuchagua mashina mazuri. Virusi hukaa ndani ya shina moja moja, lakini bakteria hawa husafiri kwa maji ya mvua, kwa udongo kwenye jembe na kwa viatu vyako. Shina lililo zima leo, jirani yake akiwa amenyauka, huenda tayari limeingiwa.

Pita tuta kwa tuta saa za mchana, jua likiwa kali. Tafuta shina lililonyauka huku majani bado ni ya kijani na udongo una unyevu. Mara nyingine hunyauka bua moja tu kati ya matatu. Ukilipata, fanya kipimo cha glasi:

1. Kata kipande cha bua karibu na udongo, chenye urefu wa kidole.
2. Kining'inize ndani ya glasi yenye maji safi, ncha ya chini ikigusa maji kidogo. Usitikise.
3. Subiri dakika chache. Ukiona nyuzi nyeupe kama za maziwa zikishuka kutoka kwenye bua, huo ni mnyauko bakteria.

Wapo wanaoruhusu kuchagua mbegu mita kadhaa kutoka kwenye shina lililonyauka. Mimi siruhusu. Kiazi kimoja chenye bakteria kinatosha kuharibu kitalu kilichokuwa safi, na udongo ukishachafuka utakaa hivyo misimu mingi. Shamba lenye mnyauko, viazi vyake ni vya kula na kuuza.

Onyo kwa walio juu sana. Baridi huuficha ugonjwa huu. Juu ya mita 2,500 shina linaweza kuwa na bakteria na lisinyauke kabisa. Kiazi chake huonekana kizima, kikipelekwa ukanda wa chini wenye joto kinalipuka, na lawama zinamwangukia aliyekiuza. Kwa hiyo huko juu, kutoona mnyauko hakutoshi. Fahamu mbegu yako ilitoka wapi. Fahamu shamba lilipandwa nini misimu mitatu iliyopita. Kama palikuwa na nyanya, pilipili, biringanya, mnavu au viazi hivi hivi, punguza imani. Ukishavuna, chukua viazi kadhaa uviweke karibu na jiko la kuni, penye joto la kudumu lisilopika, kwa wiki tatu hivi, kisha vikate katikati. Pete ya kahawia chini kidogo ya ganda, au ute mweupe ukitoka ukibonyeza, inatosha kuifuta mbegu yote. Kutokuona kitu hakukupi uhakika kamili, ila ni bora kuliko kubahatisha.

Kwa wasomaji wa Nyandarua na maeneo jirani: wakati wa maua ng'oa mashina machache uangalie mizizi. Vidonge vidogo mno, saizi ya kichwa cha pini, vyeupe, vya njano au vya kahawia, ni dalili ya minyoo ya viazi. Nayo husafiri na udongo ulioshika kwenye mbegu. Shamba hilo lisitoe mbegu.

## Hatua ya 3: Weka vijiti

Wakati wake ni pale maua yanapoanza kuonekana, lakini majani ya matuta mawili hayajashikana. Ukichelewa, mashina yanaingiliana na huwezi kujua jani hili ni la nani. Ukiwahi mno, virusi havijajionyesha. Usitegemee kalenda, kwa sababu kimo kinabadilisha kila kitu.

Saa yake ni asubuhi, umande ukishakauka, au siku yenye mawingu. Mabaka ya virusi hujificha kwenye jua kali. Jua likikukuta shambani, simama ukilipa mgongo ili kivuli chako kilifunike shina unalolikagua. Utashangaa yaliyokuwa hayaonekani.

Kwa nini umande ukauke kwanza? Kwa sababu baadhi ya virusi huenea kwa kugusana, na majani mabichi yakisuguliwa na suruali yako huchanika na kupokezana maji. Ukijua sehemu ya shamba ni mbaya, iache iwe ya mwisho kuingia.

### Shina la kuwekewa kijiti

Liwe na mabua manne au zaidi yaliyonenepa, majani mapana ya kijani kilichokolea, na ncha zinazokua bila kukunjamana. Liwe na majirani wazima pande zote.

Hilo la majirani wengi hawalijui. Shina lililo pembezoni mwa shamba, au lililo kando ya pengo ambapo mbegu haikuota, hupata mwanga, maji na mbolea ya wawili. Ukubwa wake umetokana na nafasi. Hali kadhalika lililoota pale palipomwagwa samadi. Yaruke yote hayo hata kama yanakuvutia. Shina linaloaminika ni lile lililoshindana na wenzake kwa haki likawazidi.

Jihadhari pia na shina refu kupita kiasi, lenye maua mengi mno, linalosimama juu ya wenzake wote. Mara nyingi shina la namna hiyo huchelewa kukomaa na chini yake hukuti kitu cha maana.

### Shina la kuruka

- Majani ya chini yamejikunja kwenda juu, magumu, ukiyakamata yanatoa sauti ya kukauka. Shina limesimama wima, limepauka, limedumaa. Hii ni dalili ya virusi vya kukunja majani, vinavyoletwa na vidukari, wadudu wadogo wanaonyonya majani.
- Batobato: mabaka ya kijani hafifu na kijani kilichokolea kwenye jani moja, au jani lenye mikunjo na mishipa iliyozama.
- Mishipa myeusi chini ya jani, majani ya chini yakikauka na kuning'inia.
- Mabua membamba mengi yaliyosongamana kama kichaka.
- Mabua yenye weusi unaooza karibu na udongo.

Usichanganye virusi na njaa ya mbolea. Upungufu wa naitrojeni hupausha eneo zima, ukianzia majani ya chini. Virusi huonekana kwa shina moja moja: hili linaumwa, la kushoto na la kulia ni mazima. Ukiona shamba lote ni la njano, tatizo la kwanza si mbegu.

Baridi na upepo wa milimani huwapunguza vidukari, na ndiyo sababu mbegu hupendelewa kuzalishwa juu. Lakini kupungua si kuisha. Msimu wa kiangazi kirefu huwa wengi hata huko.

Umefanikiwa ukiona: umeweka kijiti kwenye shina moja kati ya kumi, pengine pungufu. Ukijikuta umeweka kwenye nusu ya shamba, rudi mwanzo, umekuwa mwema kupita kiasi.

## Hatua ya 4: Rudi baada ya wiki mbili

Usipande kijiti kipya katika safari hii. Kazi ni kung'oa vijiti tu. Shina lolote lililoanza kuonyesha dalili zilizotajwa, ondoa kijiti bila kusikitika. Likiwa limenyauka, fanya kipimo cha glasi, na ukikuta bakteria ng'oa vijiti vyote shamba zima.

Ukungu una hesabu yake. Mabaka meusi yenye unyevu kwenye majani, na utando mweupe chini ya jani asubuhi, havifanyi shina liwe baya la mbegu moja kwa moja, maana ugonjwa huo huruka kwa upepo na kushambulia wote. Endelea kupiga dawa ya ukungu kama kawaida yako. Ila shina lililoungua hadi kwenye bua liondolee kijiti, kwa kuwa vimelea huoshwa na mvua hadi kwenye viazi, na viazi hivyo huoza ghalani.

### Sakitu au mvua ya mawe ikipita katikati

Hapa ndipo watu hujidanganya sana. Shamba limeungua, mashina machache yamebaki kijani, mkulima anafurahi kwamba amepata mbegu isiyoogopa baridi. Angalia yalipo. Hewa baridi ni nzito, huteremka na kutulia bondeni, hivyo mashina ya mteremkoni hupona na ya chini hufa. Lililo chini ya mkaratusi, karibu na ukuta au nyuma ya ua, nalo limekingwa. Shina hilo ni pacha wa yaliyoungua. Ukilipanda mwakani bondeni litaungua vile vile.

Subiri wiki moja au mbili baada ya sakitu. Yaliyochipua upya kwa nguvu na yalikuwa na kijiti tangu mwanzo, yaache. Yaliyobaki na mabua meusi, ng'oa vijiti. Kama zaidi ya nusu ya vijiti vimekwenda, hiyo mbegu itakuwa kidogo, na kidogo kilicho safi kina thamani kuliko gunia la kujazia.

Dawa halisi ya sakitu ni tarehe ya kupanda na mahali pa kupanda. Uchaguzi wa mashina hauwezi kuifanya kazi hiyo.

## Hatua ya 5: Kata mabua, kisha subiri

Majani yakianza kugeuka njano, au viazi vikishafikia ukubwa wa yai la kuku, kata mabua ya mashina yenye vijiti hadi usawa wa udongo. Yabebe nje ya shamba. Kijiti kibaki mahali pake!

Sababu ni mbili. Ganda linapata muda wa kukomaa likiwa ardhini, na vidukari wa mwisho wa msimu wanakosa jani la kunyonya na kuachia virusi. Subiri wiki mbili. Huko juu kabisa, kwenye baridi na unyevu, inaweza kufika tatu.

Umefanikiwa ukiona: ukisugua kiazi kwa dole gumba, ganda halichubuki. Likichubuka, funika udongo uongeze siku.

## Hatua ya 6: Vuna shina moja moja, amua penye shimo

Mashina yenye vijiti huvunwa kwanza, kabla ya shamba lingine, na siku isiyo na mvua. Ukisubiri kuvuna yote pamoja, wasaidizi watachanganya na kazi ya miezi mitatu itapotelea kwenye gunia la lumbesa.

Chimba shina, weka viazi vyake vyote kando ya shimo lake. Usivitupie kwenye rundo la pamoja bado. Endelea hadi umalize tuta, kisha rudi ukitembea na kuangalia kila fungu.

Kubali fungu lenye viazi vingi vya saizi ya kuridhisha, umbo la aina hiyo, ngozi safi. Kataa lenye viazi viwili vitatu tu, au vidogo vitupu, au vilivyopasuka na kupindapinda. Kiazi kimoja kikiwa kimeoza, kina udongo ulioganda machoni kwa ute, au kina pete ya kahawia ukikikata, kataa fungu zima. Hivyo vingine ni ndugu zake wa damu, vimelishwa na bua hilo hilo.

Shina lililokuwa zuri juu na baya chini lipo, nalo ni sababu ya hatua hii. Utakataa mengi. Si hasara, yanaliwa.

Kutoka kwenye mafungu uliyoyakubali, chukua viazi vyenye kipenyo cha kati ya milimita 28 na 60. Hata kile kidogo kinakubalika, kwa sababu sasa unamjua mama yake. Tatizo halijawahi kuwa udogo wa kiazi. Vikubwa zaidi uza. Usivikate vipande kuongeza idadi, kwani kisu hubeba bakteria na virusi kutoka kiazi hadi kiazi. Ukilazimika kukata, chovya kisu kwenye maji yenye jiki kila baada ya kiazi.

## Hatua ya 7: Ghala lenye mwanga hafifu

Viazi vya kula huwekwa gizani, vya mbegu hutaka mwanga usio wa jua la moja kwa moja. Mwanga huvigeuza kijani, na kuanzia hapo si chakula tena, visiingie jikoni. Faida yake ni kwamba machipukizi hutoka mafupi, manene, ya kijani au zambarau, yasiyokatika unapopanda. Gizani hutoka meupe na marefu, yamekwisha kunyonya nguvu ya kiazi.

Panga kwenye chaga, tabaka mbili au tatu tu. Kuta ziwe za fito au wavu ili hewa ipite, paa la nyasi au bati lenye kivuli. Ukipata wavu mwembamba wa kuzuia vidukari, uzungushie, maana machipukizi laini ndiyo wanayoyapenda na virusi huweza kuingia humo humo ghalani. Nondo wa viazi ni wachache kwenye baridi, lakini mahali penye joto kidogo weka majani makavu ya mkaratusi au mvepe kati ya tabaka.

Kagua kila wiki. Kilichooza kitoe pamoja na vilivyokigusa.

Umefanikiwa ukiona: kila kiazi kina machipukizi kadhaa yenye urefu wa sentimita moja hadi mbili. Chipukizi moja tu la juu likitawala, livunje wiki chache kabla ya kupanda ili mengine yaamke. Machipukizi yote yakiwa membamba kama nyuzi hata kwenye mwanga, kiazi hicho kina ugonjwa, kitupe.

## Hatua ya 8: Kitalu chake peke yake

Mbegu hii usiitawanye kwenye shamba la sokoni. Ipe kitalu kilicho juu ya mashamba mengine ya viazi, ili maji ya mvua yasiteremke kutoka kwao kuja kwako. Udongo uwe haujapandwa viazi wala jamii ya nyanya kwa misimu mitatu au minne. Mahindi, ngano, maharage, kabichi au njegere zinafaa kupokezana. Maotea ya viazi yaliyobaki kutoka zamani yang'oe yote, kwani huhifadhi ugonjwa wakati wewe unadhani shamba limepumzika.

Jembe lisafishwe kwa maji na jiki kabla ya kuingia. Wageni wasipite na viatu vyenye udongo wa kwao. Majirani watakuona una maringo.

Kwenye kitalu hicho, rudia kuanzia hatua ya 2. Msimu wa kwanza utaona mashina yamelingana zaidi, pengo la kimo limepungua. Msimu wa pili vijiti vitakuwa rahisi kuweka, kwa sababu wagonjwa watabaki wachache na wataonekana kutoka mbali.

## Lini ununue mbegu mpya

Njia hii hupunguza virusi, haivimalizi, kwa kuwa yapo mashina yaliyoambukizwa yasiyoonyesha dalili yoyote. Kila baada ya misimu kadhaa nunua gunia moja au mawili ya mbegu iliyothibitishwa, uyapande kitaluni badala ya mbegu yako, kisha uendelee na vijiti kama kawaida. Tanzania anzia TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, au kwa wazalishaji wa mbegu za daraja la kuazimiwa (QDS) waliosajiliwa na TOSCI, taasisi ya uthibiti wa mbegu. Kenya kuna KALRO Tigoni, kile kituo cha utafiti, na ADC Molo, shirika la serikali la maendeleo ya kilimo, na gunia liwe na lebo ya KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea. Kwa hesabu ya kitalu cha robo eka unahitaji magunia manne hivi ya kilo 50, lakini hata gunia moja likizalishwa vizuri kwa msimu mmoja hukufikisha huko.

Na mbegu uliyochagua mwenyewe kwa vijiti, mpe jirani au mbadilishane kwa uwazi, mkielezana ilikotoka. Usiiuze kwa jina la mbegu iliyothibitishwa. Sheria za nchi zote mbili zinakataza, na ukaguzi uliofanya kwa macho haujapitia maabara.